Saini Aliyoifuta Gosbert Libenanga

Ndugu waombolezaji, Gosbert Raimundi Libenanga alizaliwa Masagati tarehe 14 Agosti 1981, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Raimundi na Mama Kandida, ambaye yupo hapa na ni shahidi kwamba mwanawe alianza kutilia shaka mambo tangu utotoni, kwani uji hakuunywa mpaka mama auonje kwanza.

Alisoma shule ya msingi Masagati, 1989 hadi 1995, sekondari Ifakara, akahitimu uhandisi wa elektroniki Dar es Salaam mwaka 2007. Oktoba 2008 aliajiriwa na kampuni moja mjini Morogoro, kazi yake kupima ustahimilivu wa saketi, yaani saketi inapangwa ndani ya chipu inayoweza kupangwa upya kila mara, kisha anaipandikizia hitilafu kwa makusudi, moja baada ya nyingine, aone itahimili au itaanguka, jambo lililowachekesha majirani zake wa Kibaoni alikoishi, eti msomi mzima analipwa kuharibu vitu!

Tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa na Odilia, baada ya kumchunguza miaka mitatu mizima, maskini, naye akavumilia, wakajaliwa Teddy na Lukelo.

Januari 2025 alikabidhiwa saketi ya king'ora cha kutahadharisha mafuriko kwa vijiji vya kando ya Mto Kilombero, akaipandikizia hitilafu elfu nne, haikuanguka hata mara moja, akasaini ripoti tarehe 20, wenzake wakapongezana. Yeye ile sifuri ilimkera. Alirudi kukagua, akagundua kosa ni lake mwenyewe, alisahau kufungua njia ya kupitishia hitilafu, hivyo zote elfu nne hazikuigusa saketi, na aliporudia, katika hitilafu mia moja za kwanza tu king'ora kilikaa kimya mara sitini na moja. Alimweleza mkuu wake, Bwana Viktor, akajibiwa kwamba ripoti imeshasainiwa na mvua hazisubiri mtu.

Tarehe 2 Februari alizidiwa na ugonjwa wa figo uliomsumbua tangu 2022, akalazwa, akafariki tarehe 9 Machi 2025. Wanaonong'ona huko nyuma kwamba kuna mkono wa mtu, jamani, acheni, daktari ametueleza, ni figo. Shaka ya familia ni nyingine, king'ora kimepakiwa kwenye gari tangu Alhamisi, tayari kwenda kufungwa vijijini.

Akiwa kitandani alimwandikisha dada yake Brigitha, anayewasomea wasifu huu, maneno machache, akamtaka amsomee mara tatu, akaagiza yasomwe hapa, mahali ambapo hayawezi kupotelea kwenye droo ya mtu: saini yake ya tarehe 20 Januari ameifuta, king'ora kisifungwe mpaka kirekebishwe na kupimwa upya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa hapa Lipangalala waliochimba kaburi, na wafanyakazi wenzake, pamoja na Bwana Viktor aliyeketi safu ya pili, tunamshukuru kwa kufika, na kwa kusikia.

Kaka yangu, yamesomwa mbele ya watu wote. Sasa pumzika kwa amani.