Bande ya Goti ya Bunge

Kwa Maman Yolande, muuza kahawa, pale Kadutu, Bukavu, juu ya ngazi, kuna benchi la ubao ambalo wazee wanaolikalia waliliita Bunge. Asubuhi hiyo Donatien, aliyebatizwa Ministre ingawa hata kuku wake hawamtii, alikuwa amekunja suruali mguu mmoja. Goti limevimba tangu alipoteleza kwenye matope, na sasa juu yake majipu yameiva kama nyanya. Jumamosi anamwingiza binti yake Colombe kanisani kuolewa, na maman wa kine, yule anayenyoosha viungo klinike, amekataa kuligusa mpaka majipu yapone.

— Microbe nimeitoa kwake! akanguruma Ministre. Kitanda yake ya massage inalaliwa na Bukavu muzima. Leo naenda kumufanyia scandale, makelele pale klinike. Munanisindikiza?

— Bote! akasema Docteur, ambaye udaktari wake ni kulinda mlango wa pharmacie usiku. Iko ile mafuta ya massage. Microbe inaogelea mule, ikisikia goti ya mutu mukubwa, inapanda.

— Wapi! akadakia Antenne, anayepata habari kabla hazijatokea. Iko mashine ya courant, ile ya umeme. Inavuta microbe kwa mugonjwa wa asubuhi, inaituma kwa mugonjwa wa midi, kama SMS.

— Na yangu ilitumwa na nani?

— Na mutu wa Kamituga, kule banachimbaka dhahabu. Angalia rangi ya ncha yake: iko dhahabu.

Ministre akalitazama jipu lake kwa heshima mpya.

— Kumbe niko na carrière ya dhahabu mu goti, na ninalia!

— Carrière ya usaha, papa, akasema Maman Yolande. Kunywa kahawa.

Hapo akapanda maman mmoja mgeni, ametoka Nyantende na kikapu cha mboga, anachechemea. Akaomba kahawa, akashika goti lake. Moyo wa Ministre ukayeyuka. Akatoa mfukoni bande nyeusi ya kuvutika, mali ya Bunge: goti la yeyote likiuma, anaivaa, likipoa, anampasia mwenzake.

— Vaa, maman. Iko ya sisi bote. Antenne aliivaa, Docteur akaivaa, miye nimeivua sasa hivi. Ingali na joto.

Maman akaipokea kwa vidole viwili. Akaisogeza puani, akairudisha mbali haraka.

— Aksanti, papa. Nani aliifula na sabuni mara ya mwisho?

Ministre akamtazama Antenne. Antenne akamtazama Docteur. Docteur alikuwa anavuta suruali yake chini, polepole, lakini mkono wa Ministre ukawahi. Gotini pake likachungulia jipu, pacha wa lile la dhahabu.

— Docteur! Na weye unaendaka kwa kine?

— Hapana, Ministre. Nilifikiri ni mbu.

Ministre akakunjua suruali, akaketi vizuri, akawa kama mtu anayesubiri misa ianze. Maman Yolande akaichukua bande, akaitia kwenye beseni, akaliweka miguuni pake na kipande cha sabuni juu.

— Papa Ministre, ile scandale iko saa ngapi?