Mzani wa Ugenini

Kinyozi alikuwa akisinzia ndani ya basi. Usingizi ulikatika pale mama wa kiti cha mbele alipomuuliza mzee aliyekaa naye, "Baba, hicho ulichopakata ni nini?"

"Mzani, mwanangu. Naenda kukaa wiki nzima kwa binti yangu."

Kumbe mzee ni mgonjwa wa moyo. Muuguzi wa kliniki alimfundisha kujipima kila asubuhi kabla ya chai. Uzito ukipanda ghafla, ni maji yanajaa mwilini, basi apige simu, asingoje miguu ivimbe.

"Sawa, lakini mkweo atasemaje? Mgeni anakula kwake, halafu anapanda mzani. Utawatia watu aibu."

"Nikishakula sijipimi."

"Watajuaje?"

Kinyozi akajiuma mdomo asicheke. Mzee wala hakukasirika. "Zamani nilikuwa nalala nimekaa, pumzi hazitoshi. Sasa nalala kama mtoto. Hiyo aibu nitaibeba."

"Si wangekuazima wa kwao?"

"Muuguzi kasema uwe uleule. Mizani ni kama mashahidi, kila mmoja ana lake."

Basi likasimama. Wote wawili wakainuka. Mama akautazama ule mzani. "Na kubeba vitu vizito, muuguzi alikuruhusu?"

Mzee akauhamishia mkono wa pili.

"Haya, lete."

Kinyozi aliwachungulia dirishani. Mama alitangulia, mzani kwapani, akiendelea kueleza kwa nini haukupaswa kuletwa.