Pampu Isiyo na Bomba la Kurudishia

Basi la kwenda hospitali lilikuwa nusu tupu, lakini mshonaji alichagua kiti cha nyuma ya abiria wawili, kijana na mzee, maana masikio yake hayajawahi kupumzika hata Jumapili. Mchoraji kijana alikuwa amepakata picha ya mtu aliyegeuzwa kiwanda: mapafu yake mivukuto ya mhunzi, tumbo lake tanuri, moyo wake pampu inayong'aa. Mzee aliyekaa naye, fundi pampu wa miaka arobaini, aliikodolea macho.

"Mwanangu, bomba la kurudisha maji liko wapi?"

"Hii ni sanaa, mzee wangu. Inaonyesha kwamba mwili ni mashine."

"Sikatai. Ila hii pampu inasukuma tu, hairudishiwi hata tone. Ukiiwasha inakauka na kuungua dakika hiyo hiyo. Huyu mtu wako ni marehemu."

"Marehemu gani anatabasamu?"

"Hajapata habari."

Mshonaji aliuma kitambaa asiangue kicheko. Mchoraji alinuna, akasema kwamba daktari mkuu mwenyewe ameikagua picha, akaisifu, na ameagiza itundikwe wodi ya moyo ili iwatie wagonjwa matumaini.

Basi liliposimama kwenye lango la hospitali, mzee aliteremsha mkoba wake wenye pajama na ndala, kisha akanyoosha mkono.

"Ameikagua, akaisifu?" aliuliza. "Ndiye huyo huyo anayenipasua moyo kesho. Toa brashi, mwanangu."