Bi Usikate Anaweka Simu Chini

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, karani mkuu wa maabara ya hospitali yetu anastaafu. Jina lake rasmi limo kwenye barua ya kustaafu. Sisi tunamwita Bi Usikate, na hata mkurugenzi humwita hivyo akijisahau.

Alianza na taipureta. Kompyuta zilipokuja, alizipokea kama wageni wa kulala: kwa heshima, lakini jicho halibanduki. Kisha ikanunuliwa programu ya kuzikinga na virusi, na hapo ndipo tulipomjua vizuri. Maana programu ile kila ikisasishwa huleta balaa. Leo mashine inaganda, kesho printa haionekani, na huna pa kukimbilia ila huduma kwa wateja. Jamani, aliyewahi kupiga simu kule anajua. Unabonyeza moja, unabonyeza nne, unapigiwa kinanda mpaka sikio linawaka moto, halafu kijana anakwambia zima uwashe. Simu ikikatika, unaanza upya na kijana mwingine asiyejua lolote.

Ndiyo maana akatunga sheria: usikate. Akienda msalani, mkonga wa simu anaushika mwingine. Tumepokezana sote, mfagizi, wauguzi, hata daktari bingwa aliyefuata majibu tu akajikuta anasikiliza kinanda. Wahenga walisema subira huvuta heri. Bi Usikate subira hana. Heri huivuta kwa nguvu. Siku moja alipoambiwa tena azime awashe, alijibu kwamba ameshaizima, ameshaiwasha na ameshaiombea dua, sasa imebaki zamu yao.

Lakini nisiyoisahau ni ile Jumatatu sasisho lilipodhani programu yetu ya damu ni kirusi, likaifungia. Humo ndimo mlimokuwa na majina na simu za wachangiaji. Wodi ya wazazi kulikuwa na mama anavuja damu, kundi lake adimu, na akiba yetu imekwisha. Mama yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi mtaalamu wa maabara, niliyeisomea damu, nilisimama pale, mkonga mkononi, sisikii kitu.

Kijana wa kwanza alitaka namba ya leseni. Wa pili akatuhamishia idara ya mauzo. Wa tatu alipoanza kusema tusubiri kidogo, Bi Usikate akaninyang'anya simu. Hakupiga kelele. Alimweleza kuna nini nyuma ya mlango wa pili wa korido yetu, kisha akamuuliza kama yeye mama yake alimzaa kitandani au kwenye foleni ya simu. Halafu kijana akaachana na maneno yake ya kukariri, akamwelekeza hatua kwa hatua mpaka programu ikafunguka. Mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, mwenye kundi lile lile, alipigiwa simu, akafika na unga hadi viwikoni.

Mdogo wangu yuko hai. Mtoto wake yuko darasa la tatu na ana mdomo kweli kweli. Nami mpaka leo nikimwona Bi Usikate kwenye kiti chake, mwili hunisisimka. Sijui mtu anaumbwaje mpaka awe hivyo.

Juzi sasisho likakwama tena. Bi Usikate alipopiga, alimuaga aliyempokea, akasema hiyo ndiyo simu yake ya mwisho. Jana simu ya maabara ikaita. Miaka yote kampuni ile haijawahi kutupigia. Sisi ndio wa kupiga na kusubiri. Alikuwa yule kijana wa tatu wa Jumatatu ile, sasa mkuu wa kitengo, habari zimemfikia. Nikamwambia Bi Usikate yuko stoo anakabidhi funguo, labda apige baadaye. Akasema hapana, atasubiri. Hakati.

Asante, dada yetu mkubwa, kwa uhai wa ndugu yangu. Kapumzike, uishi miaka mingi yenye afya, na simu yako iite kwa habari njema tu.