Bi. Munazza: Miaka Thelathini na Moja ya Kudai Ushahidi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Munazza Latif ataifunika kalamu yake nyekundu na kuiaga ofisi ya Tsuma na Badawi, Wakaguzi wa Majengo, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na moja na miezi minne kasoro siku tatu. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema miezi minne kamili. Siku tatu hizo alizitoa mwenyewe, akaniandikia pembeni niifungue barua yake ya ajira. Nimeifungua. Aliajiriwa Jumatatu tarehe mosi Agosti 1994.

Aliingia kama mpiga chapa, wakati ofisi yetu ikiwa vyumba viwili vya Mji wa Kale na kabla hatujahamia mtaa wa Buxton. Wahandisi wa siku hizo walilijua jiwe na chokaa kuliko walivyoijua karatasi, na ripoti zilipaswa kuwa za Kiingereza kwa sababu benki na mahakama hazikutaka lugha nyingine. Basi walizijaza maneno mazito ya kuleta ushahidi: “according to” (kwa mujibu wa) hapa, “as evidenced by” (kama inavyothibitishwa na) pale, na “research has shown” (utafiti umeonyesha) kila walipoishiwa na la kusema. Maneno yalikuwa mazuri. Tatizo ni kwamba baada yake hapakuwa na kitu.

Kwa miaka minne Bi. Munazza alipiga chapa alivyopewa. Siku moja mwaka 1998 alisimamisha mashine katikati ya ukurasa, akaenda kwa marehemu Mzee Tsuma na kumuuliza kwa adabu utafiti huo ulioonyesha ni upi, ili aandike jina lake. Mzee Tsuma alitafuta kwenye faili, akatafuta kwenye droo, mwisho akacheka. Wiki iliyofuata ikatolewa amri kwamba hakuna ripoti itakayopigwa muhuri kabla Bi. Munazza hajaisoma. Rejista inaonyesha amezisoma 4,112. Nimezihesabu mara mbili, maana nilijua ataniuliza.

Wageni wote wa ofisi hii wanaijua karatasi yake iliyobandikwa juu ya mashine ya fotokopi. Imeandikwa kwa Kiswahili. Ukisema “according to”, taja mtu na siku aliyosema. Ukisema “for instance” (kwa mfano), uwe na kitu unachoweza kukinyooshea kidole. Ukisema “as shown in”, picha iwepo na iwe na namba. Na ukisema “as evidenced by”, uwe umepima. Karatasi imebadilishwa mara tatu kwa kuchakaa, lakini maneno ni yale yale.

Mwenzetu Kyalo aliionja karatasi hiyo mwaka 2011. Alikagua paa lililovuja huko Kizingo na kuandika kwamba, kwa mujibu wa wakaazi, lilianza kuvuja mwezi wa Machi. Bi. Munazza akapiga simu kuwauliza hao wakaazi. Ikabainika kwamba mkaazi aliyezungumza na Kyalo ni mmoja tu, naye ni mlinzi wa getini, na mlinzi aliambiwa na mtunza bustani, na mtunza bustani mwezi wote wa Machi alikuwa likizo kwao Kaloleni. Kyalo alinuna wiki nzima. Paa lilipofunguliwa lilikuwa limeanza kuoza miaka miwili nyuma.

Hayo ni ya kuchekesha. Lililofuata mwaka 2019 halikuchekesha, na lilinihusu mimi ninayeandika.

Mwenye nyumba mmoja wa Mji wa Kale alituomba tukague jengo lake la mawe la ghorofa mbili. Chini alikaa mjane aitwaye Bi. Hajra na binti zake wawili, akikaanga bajia na kuoka mkate wa sinia wa kuuza. Niliingia humo Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili kwa muda wa saa nzima. Nikaandika kwamba, “as evidenced by” nyufa zinazopanuka, nyumba si salama na wapangaji watoke ndani ya siku kumi na nne. Niliandika haraka, kwa sababu ripoti ilitakiwa Jumatatu, na ile sentensi niliitoa nzima nzima kwenye ripoti ya nyumba nyingine.

Bi. Munazza aliniita mezani pake. “Kalama mwanangu, ufa huu umeuona mara ngapi?”

Nikamwambia mara moja.

“Basi umejuaje kwamba unapanuka?”

Nikaipekua ripoti nikitafuta kipimo ambacho sikuwa nimekichukua. Aliifunga ripoti, akakataa kuipeleka kwenye muhuri. Mzee Badawi alikasirika, tena hakukosea kushuku, kwa kuwa Bi. Munazza na Bi. Hajra walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni na wanakaa njia moja. Bi. Munazza alikuwa wa kwanza kuusema urafiki huo. Kisha akasema kwamba ripoti ikitoka bila kipimo, jina lake liondolewe kwenye orodha ya wasomaji na yeye aondoke nalo. Alisimama mbele ya meza ya Mzee mpaka Mzee akachoka kumwangalia. Tukapewa siku arobaini.

Tulibandika vipande saba vya kioo chembamba kwa plasta, kila kimoja kikivuka ufa mmoja. Kioo kikibaki kizima, ukuta umetulia. Kikikatika, ukuta unakwenda. Juu ya kila kimoja Bi. Munazza aliandika namba na tarehe. Kila asubuhi saa moja u nusu, akija kazini kwa miguu, alipita nyumba ile, akavitazama vyote saba na kuandika daftarini. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Hakukosa siku moja. Daftari ninalo.

Mimi nilidhani anamtetea rafiki yake. Nilikosea tena. Siku ya kumi na tisa kioo namba nne, cha jikoni, kilikutwa kimekatika. Angeweza kungoja afike ofisini tushauriane. Alimwambia Bi. Hajra pale pale, na Bi. Hajra, ambaye riziki yake yote ilitoka kwenye jiko lile, alimpigia kelele iliyosikika hadi nje.

“Munazza, wewe ni wa kwetu ama wa ofisi?”

“Ni wa kwenu, ndiyo maana nakwambia jiko ulitoe leo.”

Jiko lilihamishiwa uani kabla ya adhuhuri, na Bi. Hajra hakumsemesha. Siku tano baadaye, asubuhi, saa ambayo kwa kawaida mama na binti zake wawili wangekuwa wameinama juu ya karai, ukuta wa jikoni uliangukia ndani. Hakuumia mtu.

Vioo sita vilivyobaki vilimaliza siku arobaini vikiwa vizima. Ripoti iliyopigwa muhuri ilisema hivyo hivyo: ukuta mmoja ujengwe upya, nyumba iliyobaki ni imara, wapangaji wakae. Ukuta ulijengwa kwa mawe na chokaa. Bi. Hajra yuko pale hadi leo, na mkate wa sinia utakaoliwa kwenye hafla hii ya kumuaga umeokwa katika jiko hilo. Yeye mwenyewe ameahidi kukaa safu ya mbele.

Bi. Munazza anatuachia pia kalamu saba nyekundu ambazo hazijafunguliwa, na msomaji mpya wa ripoti, Everlyne, ambaye amemfundisha mwenyewe kwa miezi minane. Juzi Everlyne aliirudisha ripoti yangu mara mbili.

Wasifu huu nao umerudishwa mara mbili. Nilipoandika kwamba Bi. Munazza anapendwa na kila mtu, aliandika pembeni, “Kyalo ameulizwa?” Nikamuuliza. Kyalo amesema anampenda, ila suala la mtunza bustani hajalisamehe.

Bi. Munazza, ofisi nzima inakushukuru kwa ukali wako na kwa subira yako. Mungu akupe afya, akupe umri mrefu, na akupe asubuhi za kunywa chai bila kutazama saa. Tunakutakia mema kwa moyo wote.

Limebaki jambo moja. Nilikuwa nimemalizia kwa kusema kwamba ofisi haitakuwa ile ile bila wewe. Umeizungushia sentensi hiyo duara jekundu na kuandika, “Umejuaje? Bado sijaondoka.” Nimeifuta. Kuanzia Jumatatu tarehe mosi Disemba, saa moja u nusu, nitapita mezani pako kila asubuhi kwa siku arobaini na kuandika ninachokiona. Kisha nitakuletea daftari nyumbani.