Hanus Dalsgarð, Mwamuzi wa Sataranji Aliyemnyima Mkewe Ushindi

Ndugu zetu mliofika kwa kivuko, nanyi mnaotufuatilia kwenye simu kwa sababu bahari imechafuka, Hanus Dalsgarð alizaliwa tarehe 9 Novemba 1958 hapa kisiwani Svínoy, akasoma hapa kisha mjini Klaksvík, ambako alijifunza sataranji zaidi kuliko hesabu, akahitimu ufundi wa redio za meli mwaka 1979, akaifanya kazi hiyo mpaka akastaafu. Tarehe 4 Juni 1983 alifunga ndoa na Rannvá, wakajaliwa Bárður na Marjun, wote wapo hapa, na wote hawajui kucheza.

Mwaka 2016 alianzisha mashindano ya sataranji mtandaoni, ili dhoruba isimnyime mchezo mtu wa kisiwa cha mbali, na sharti lilikuwa moja, mchezaji awe peke yake chumbani. Lakini sisi hatubishi hodi, jirani huingia tu akaliendea birika la kahawa, basi mwaka ule kila mchezaji alikuwa na washauri jikoni. Hanus akaamuru milango ifungwe, watu wakaanza kutafuta funguo ambazo hawajawahi kuziona.

Fainali ya tarehe 16 Februari 2019 ilikuwa ya Rannvá na Teitur wa kisiwa cha Fugloy, na maneno yalishazagaa kwamba mwamuzi atambeba mkewe. Rannvá anaongoza, visiwa vyetu vyote macho kwenye skrini, mara mama yake huyo, kaingia na sahani ya samaki mkavu, kachungulia, kapiga ukelele, "We mwanangu, malkia wako analiwa huyo!" Na kweli alikuwa analiwa! Hanus, aliyekuwa chumba cha pili, akasimamisha mchezo, akampa Teitur ushindi. "Baba Bárður, kwani nimemwita mimi?" Rannvá akafoka. "Mlango hukufunga, Mama Bárður. Umeshindwa." Mama mkwe akaapa hakanyagi tena nyumba ile, akakanyaga kesho yake, Rannvá akagoma kupika, Hanus akala kwa dada zake wiki nzima. Mwaka uliofuata hata watu wa Iceland na Shetland walijiandikisha, maana sasa walimwamini.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 20 Januari 2024 hospitalini Tórshavn.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake wa bandarini. Wachezaji nao wamechagua mwamuzi mpya, ni Rannvá, jina lake limependekezwa na Teitur, na hakuna hata mmoja aliyepinga.

Hanus, pumzika kwa amani, Jumamosi tunacheza.