Vidole vya Daktari wa Chittagong

Kwenye kona moja ya Cité Albert, mtaa wa Waafrika mjini Élisabethville, enzi za wakoloni, mwaka wa 1949, palikuwa na benchi ambalo kwa kweli lilikuwa gogo la reli lililolazwa juu ya madebe mawili. Hapo Victorine aliuza kahawa na vitumbua, na hapo watu wenye maneno mengi kuliko nauli walizunguka dunia nzima bila kuinua makalio. Jumamosi ile walikuwa watatu. Kapya aliitwa Birmanie, kwa sababu wakati wa vita alipelekwa na hospitali ya jeshi mpaka Birma, na tangu arudi hajafunga mdomo. Mwenze aliitwa Vapeur, yaani Mvuke, mchochea makaa wa treni aliyestaafu, bingwa wa mambo asiyoyaona. Wa tatu ni Stanislas, karani, aliyeitwa Forsheti. Jina hilo hakulipenda, lakini alilitafuta mwenyewe: mbele ya watu wazima alikuwa akila kitumbua kwa uma, kidole cha mwisho kimenyooka.

Alikuwa na sababu. Stanislas aliomba karata ya mérite civique, cheti cha raia mwema, ile ambayo serikali humpa mtu mweusi kumthibitishia kwamba sasa amekuwa mtu. Mwenye karata hachapwi fimbo. Basi Jumatatu tume ingefika kwake kukagua mashuka, choo, na jinsi watu wa nyumba wanavyokula. Mke wake Régine alishajua kisu na uma. Watoto nao, kwa makofi machache. Aliyebaki ni mama yake, Madeleine, mtu wa Kasenga, ambaye alikaa mkekani, akamega bukari, ugali wao, kwa mkono na kulamba vidole mpaka kiganjani. Stanislas alimwambia Jumatatu nyumba itapulizwa dawa ya mbu, bora arudi Kasenga kwa lori la saa tisa. Uongo huo aliuona umekwenda shule.

— Ku Chittagong, inchi ya Bahindi, Birmanie alianza, miye nilikulaka mu nyumba ya docteur moja, Muhindi. Alisomaka ku Londres miaka saba. Eko na miwani, eko na bitabu mpaka juu mu plafond. Chakula ikafika. Docteur akavua biatu, akanawa, akakaa chini, akaingiza vidole mu wali!

— Bwongo, alisema Stanislas. Docteur na vidole? Ule alikuwa boyi ya docteur, weye ukapotea nyumba.

— Acha mutu aseme, Vapeur aliingilia. Bahindi damu yabo iko moto. Muhindi akishika forsheti, inayeyuka.

— Na ku Chine? Victorine aliuliza.

— Ku Chine, Vapeur alijibu, beko nakula na bijiti. Byuma yote balimaliza ku reli.

— Na ku Japon?

— Bijiti pia. Byuma balimaliza ku babateau ya vita, mu bahari.

— Na Baarabu? Stanislas aliuliza kwa dharau. Beye pia byuma bilibaishia?

— Baarabu beko nabyo mingi. Lakini mu ile désert jua inachoma forsheti, forsheti inachoma mudomo. Bazee balisema: mukono mutupu aulambwi. Njo mana bantu ya kule beko najaza mukono kwanza, kisha balambe!

Victorine alicheka. Stanislas hakucheka. Aliweka kikombe chini kwa utaratibu, kama aliyeitwa kutoa hotuba.

— Bazee balisema pia: kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa vidole itajenga pays, inchi muzima? Pays yenye kula na vidole aiwezi kuendelea. Inangojea tu bazungu baiongoze.

— Ah bon? alisema Birmanie. Bazungu balisha kutoka kule kwa Bahindi. Miaka mbili sasa. Bahindi beko najitawala.

Vapeur alitazama kushoto, akatazama kulia, asije akawepo polisi karibu. Alipoona ni mbuzi tu, akainama.

— Basi njo vile, alinong'ona. Ni forsheti njo inafunga bazungu apa! Cité yote ikule na vidole juma moja, utaona: siku ya vendredi beko mu train ya ku Cap, kutafuta bateau ya kurudia kwabo, na masanduku yabo!

Hapo hata mbuzi alishtuka kwa kicheko. Stanislas aliona anachekwa yeye na forsheti yake, akatafuta wa kumtupia.

— Kapya, ulivuka bahari juu ya kujifunza kulamba vidole. Mama yangu anailamba bure, bila bateau.

Walicheka tena, na safari hii pamoja naye. Kilikuwa kicheko kibaya, naye alikijua wakati kinamtoka.

— Ule docteur pia alikuwa na mama yake, Birmanie aliendelea taratibu. Alikaa pa kati, njo alikuwa nagawa chakula. Colonel ya Bangereza akafika. Docteur hakumuficha, hakumufukuza. Akasema: mon colonel, uyu njo mama yangu. Colonel akakaa chini na mabuti yake, akakula na vidole. Pilipili ikamuliza.

— Bwongo, alisema Stanislas, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Ndipo mama Madeleine mwenyewe akatokea, kikapu kichwani, kitenge cha safari kimefungwa vizuri. Ng'ambo ya barabara lori la Kasenga lilikuwa linapakia chumvi.

— Jambo yenu, batoto.

— Jambo, mama. Unaenda? Vapeur aliuliza.

— Ninaenda. Stanislas anasema lundi batapuliza dawa ya mbu mu nyumba.

Alitua kikapu, akamgeukia mwanawe. Hakuwa na hasira. Alitaka kuelewa tu.

— Mwana wangu, miye sikusoma, njo minakuuliza. Régine anabakia. Batoto banabakia. Kuku pia anabakia. Ile dawa, iko naua bamama tu?

Vapeur, aliyejua kwa nini Wachina wanakula kwa vijiti, alitazama ndani ya kikombe chake. Birmanie alifunga mdomo, mara ya kwanza tangu vita. Victorine aliinamisha birika, hakikutoka kitu. Stanislas aliutazama mkono wa mama yake juu ya kikapu. Vidole hivyo vilimtolea miiba ya samaki wa Luapula, mmoja mmoja, mpaka akaanza shule. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Lori lilipiga honi. Stanislas aliinuka, akajitwika kikapu kichwani, yeye karani, mbele ya kijiwe kizima, akashika njia.

— Lori iko uku, mama yake alisema.

— Minajua, mama. Tunarudia ku nyumba. Lundi utakaa pa kati.

— Na mbu?

— Batatuuma bote.

— Forsheti! Victorine aliita. Forsheti yako!

Hakugeuka. Victorine aliiokota kwenye gogo, akaifuta kwa aproni, akageuzia vitumbua.